Siku Mashine ya Bashige Ilipong'aa

Mzee Bashige si mtu mchafu. Shati lake la kanisani hunyooshwa mpaka sisi majirani tunaona wivu. Lakini mashine yake ya kukereza vyuma, ya tangu enzi za Wabelgiji, aliipaka oili chafu na vumbi la lava kwa makusudi. Katika Goma hii, kila vita vikipita, wenye bunduki hubeba kinachong'aa na kuacha kinachofanana na chuma chakavu. Kwa ujanja huo mashine ilibaki, nayo ikalisha nyumba yake: alikereza ekseli za vinu vya mahindi na vyuma vya magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

Matata yalianza kwa mapenzi. Binti yake Patricia, anayesomea ufundi wa mitambo, aliomba waisafishe aipige picha kipande kwa kipande, ili kazi ya baba ijulikane hata mashine ikifa.

"Papa, tutafunga mulango. Hakuna mutu ataona."

"Mutoto, ile buchafu ndiyo kufuli yake."

Lakini baba gani humshinda binti anayependa kazi yake? Walijifungia, wakasugua kwa petroli na burashi ya waya. Chini ya rangi kuukuu kikatokea kibao cha shaba chenye jina la kiwanda. Nilikuwa nimewapelekea chai, wakanifungulia, nikamkuta mzee analia. Sikumtania, ingawa kwa kawaida simwachi.

Kisha majivuno yakamshika. Kabla ya kuipaka tena uchafu, alimwambia Patricia atume picha moja kwa Damascène, fundi mwenzake wa Bunagana. Damascène akawaonyesha wengine, bila ubaya wowote. Kizuri chajiuza. Nikikumbuka nawaka hasira, na simpati wa kumkasirikia.

Wenye bunduki walikuja mchana, na gari kubwa, nami nikiwa pale karakanani.

"Muzee, iko wapi ile mashine ya muzuri?"

"Iko hii tu. Ilishakufa, ni feraye, chuma ya kutupa tu."

Mkubwa wao akaitazama ilivyonuka oili, ilivyojaa vumbi. Alisitasita. Nilimwona akigeukia mlango, na moyo wangu ukaanza kutulia. Ila mmoja wao, kwa kujaribu tu, akachomeka nondo kwenye ile parafujo ndefu inayosukuma kisu, akaanza kuikandamiza kwa uzito wake wote.

"Hapana! Si pale! Utaipinda!" Bashige akapiga kelele, akamshika mkono.

Patricia akafunika uso.

"Kumbe haijakufa," mkubwa akasema, wala hakukasirika. "Na wewe ndiye unaijua. Beba vyombo vyako, muzee, panda."

Waliipakia, wakampakia naye. Mke wake, mama Rosette, alitoka mbio na koti la mzee mpaka barabarani, lakini gari lilikwisha kushika njia ya Rutshuru. Akarudi amelikumbatia, akatuuliza sisi majirani kama kule anakopelekwa ni baridi.