Nilidai Kura Zihesabiwe Upya, Nikalikuta Fundo la Mize

Nimekosa mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usije ukapoteza muda wako kunionea huruma. Sikudhulumiwa, sikurogwa, wala hakuna aliyenitia maneno. Jina langu nalibana. Wa kijijini kwetu, huku kusini mashariki ya Unguja, watanijua tu, na wao hawana haja ya jina.

Nilikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanawake wakulima wa mwani kwa mihula miwili. Cheo chenyewe hakina mshahara. Kina kiti cha plastiki chenye mikono, ambacho hakikaliwi na mwengine, na kina semina. Semina, jamani! Leo Chukwani, kesho Mji Mkongwe, kwenye hoteli yenye zulia mpaka mlango wa choo. Nilikuwa nikirudi na begi lililoandikwa maneno ya wafadhili na biskuti za wajukuu. Nilijiona mtu.

Lakini mwani haungojei semina. Likifika bamvua, zile siku bahari inapojaa sana kisha maji yakatoka mbali, lazima uingie baharini ufunge mbegu kwenye kamba kwa vile vikamba vidogo tunavyoviita taitai. Mimi nikiwa mjini, aliyenifungia ni somo yangu, rafiki yangu wa chanda na pete, Mize. Tuko pamoja tangu wasichana, na mashamba yetu yamepakana. Hakuniomba hata shukurani, na mimi sikumpa. Nilimpa begi moja la semina. Zipu yake ilikuwa mbovu.

Ulipofika uchaguzi, akajitokeza Riziki kushindana nami. Riziki ni mwanamke kijana, anatengeneza sabuni za mwani, na ukimpigia simu anapokea. Sikumtia maanani.

Sasa ngoja nikueleze kura zetu zinavyopigwa, maana ndipo nilipoangukia. Wanachama wengi hawajui kuandika, na kunyoosha mikono kulituletea ugomvi zamani. Nikabuni njia mimi mwenyewe. Ndani ya ghala tunatanda kamba mbili. Moja ina kipande cha kanga yangu, ya pili ina kipande cha kanga ya mshindani wangu. Kila mwanachama anapewa taitai moja, anaingia peke yake, anaifunga kwenye kamba ya amtakaye, anatoka. Anayehesabu ni afisa wa ushirika kutoka mjini, naye yuko peke yake mle ndani. Akimaliza anafungua mafundo yote, anazitia taitai ndooni, basi.

Kwa nini mgeni? Kwa sababu mkulima wa mwani analijua fundo la mwenzake kama unavyoujua mwandiko wa mwanao. Mgeni haoni kitu ila kamba. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nilipigiwa makofi.

Siku ile afisa akachungulia mlangoni, akasema Riziki amenipita kwa kura mbili. Mafundo alikuwa hajayafungua.

Ningependa kusema shetani alinipitia, lakini hakuwa na haja ya kuja.

“Zihesabiwe upya!” nikasema. “Na zihesabiwe hapa nje, watu wote waone. Usifungue hata moja!”

“Bi Mwenyekiti, kanuni zenu zinasema…”

“Kanuni nnazijua, nimezitunga miye. Nna haki, sina?”

“Unayo,” akasema yule maskini.

Sasa nakwambia wewe, jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Sikuwa na shaka na hesabu. Afisa yule ni mtu wa kuhesabu chenji yake mara tatu. Sikutaka kujua ni ngapi. Nilitaka kujua ni nani.

Kamba zikatolewa nje, zikashikwa huku na huku. Afisa akawa anahesabu kwa sauti. Mimi nikamfuata nyuma kwenye kamba ya Riziki, nimevaa miwani, na mimi nataja majina.

“Hili la Bi Pili, anakaza mara mbili. Hili la huyu Tatu, anaacha mkia mrefu. Tatu! Na jana umekula pilau kwangu!”

Tatu akajifunika kanga uso. Bi Pili, mtu mzima wa kumwamkia shikamoo, akainuka akaenda zake bila ya kuaga. Riziki akanisogelea akaninong'oneza, “Shangazi, yaache. Kiti chukua weye, nshakwambia chukua.”

Yarabi, ningenyamaza pale pale! Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye fundo linalofuata.

Fundo lile limegeukia kushoto. Katika ushirika wetu, mashoto ni mmoja.

“Mize,” nikaita.

“Naam.”

“Hili la nani?”

“Langu.” Alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, na uso hakuufunika.

“Weye, somo yangu! Nimekukosea nini miye?”

“Umejuaje kama langu?”

“Silijui fundo lako? Nnaliona kila siku shambani kwangu, kamba nzima nzima!”

Nilijisikia nikiyasema. Wote walinisikia. Wanawake wakaangalia chini, na mimi nikatafuta pa kuangalia nikapakosa.

“Haya,” akasema Mize. “Nimechoka, somo. Nlisema moyoni ukikikosa kiti utarudi baharini, tuwe sote kama zamani.”

Afisa hakuelewa kitu, akaendelea na kazi yake mpaka mwisho. Kumbe fundo moja lilikuwa limejificha chini ya kipande cha kanga ya Riziki. Nimeshindwa kwa kura tatu. Akaniuliza kama nataka irudiwe tena.

Bamvua la pili yake niliingia baharini peke yangu. Mize alikuwa ameng'oa vigingi vyake akavihamishia upande wa pili, mbali na mimi. Tatu na Bi Pili wameacha ushirika kabisa, na wengine wanafunga mbegu zao kimya kimya wakinikwepa macho, wale walionipigia kura na wale wasionipigia.

Nilikwenda kwa Mize kumwomba radhi. Alinikaribisha mkekani, akanipa chai, akaniulizia wajukuu mmoja mmoja. Kisha akasema, “Nimekusamehe, Bi Mwenyekiti.”

Mimi si mwenyekiti. Na tangu utoto wetu Mize hakuwahi kuniita kwa jina jengine ila somo. Bora angenitukana! Nilikunywa chai nikaondoka, na ilikuwa tamu, hakupunguza hata sukari.

Mafundo yangu siku hizi hayashiki. Mkono umesahau, mbegu zinachukuliwa na maji. Kamba alizonifungia Mize nimeshazivuna, imebaki moja. Mwani wake umeanza kuoza na mume wangu ananiuliza nangoja nini. Nikiifungua hiyo, shambani kwangu hakuna tena mkono wa Mize.

Kwa hivyo mwenzangu unayesoma, kama umeibiwa kura, dai haki yako. Zihesabiwe hata mara kumi, na usimwonee haya mtu. Lakini kama moyoni mwako unajua hesabu ni sawa, na unachotafuta ni nani hakukutaka, mpe mkono aliyeshinda urudi nyumbani ukapike. Usiende kuziangalia zile kamba. Mimi nilikuwa namtafuta asiyenitaka, nikamtoa hadharani na kumuaibisha mtu pekee aliyekuwa akinitaka nirudi.