Mlango wa Kumtolea Bibi

Jioni mtaa wetu ulinuka mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yakikaangwa kwenye makarai mbele ya nyumba. Minofu ilikuwa imeshapanda ndege kwenda Ulaya. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, nami nilisoma darasa la nne nikiishi na Bibi Zuhura, mama yake baba, katikati ya mji wa Mwanza. Baada ya sala ya alasiri tulizunguka mitaa kwa miguu. Nikitangulia mbio aliniita, "Wee, mwenda pole hajikwai!" Alinionyesha kuta za mawe yaliyopasuliwa mlimani, nyua za ndani, na maghala ya Wahindi wa pamba. Lakini historia ya nyumba yeye aliianzia mlangoni. Alisimama akaniambia nani alitolewa pale, na jeneza lake lilisindikizwa na akina nani. Milango ile ya mbao ilifunguka pande mbili, wabebaji wakapita bila kumwinamisha maiti. "Nyumba isiyoweza kumtoa mtu wake kwa heshima ni stoo," alisema. Babu alitolewa kwa mlango wetu, na bibi aliomba jambo moja tu: naye atolewe hapo hapo.

Majirani walikuwa wanauza. Tulipita kwenye vifusi vya nyumba tulizokuwa tumezitazama majuzi, na maghorofa ya maduka yakainuka juu yake. Ndipo ndugu wakakaa kikao, wakiongozwa na baba mdogo Hamisi, aliyeuza vipuri Igoma, pembezoni mwa mji.

"Mama, mnunuzi kama huyu hatarudi tena. Kule Igoma nimekujengea chumba kizuri."

"Mlango wake ukoje, mwanangu?"

Baba mdogo alicheka. "Wa chuma, mama. Mwizi haingii."

Nyumba ikauzwa; maji yakimwagika hayazoleki. Bibi alihamia Igoma, akaacha kutembea, na masika yalipoanza akafariki. Jeneza lilipoingizwa, lilikwama kwenye kona ya korido. Walilijaribu kwa ubavu, wakataka kulisimamisha, shehe akakataza. Mwishowe lilirudishwa nje mvuani, na wanawe wakambeba bibi kwa mikono ndani ya mkeka, wakikwaruza vidole ukutani. Baba mdogo alishika upande wa miguu. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Leo mtaa wetu wa zamani ni vioo na mageti ya chuma. Jioni wenye maduka wanafunga, wanarudi makwao Pasiansi na Igoma. Hakuna anayezaliwa pale wala anayefia pale. Wanangu wakiniuliza nyumba ya bibi ilikuwa wapi, nawaonyesha duka la simu, nao hawaoni cha kuuliza zaidi. Baba mdogo amezeeka, miguu imevimba. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta fundi akibomoa ukuta wa korido ile ile. Nilimwamkia baba mdogo, "Shikamoo, baba." Alinyoosha kidole kwenye lile tundu.

"Mwanangu, sasa nitapita?"

"Utapita, baba," nilimjibu. Akaanza kulia, nami sikumnyamazisha.