Mjane wa Dos Ceibas

Pweza wa Punta Guasa walizikwa mara sita nyumbani kwa Argelio Montané, na mara zote sita walifufuka msimu uliofuata wakiwa na mrushaji mpya.

Desturi yenyewe haina siri. Timu yetu ya besiboli hapa Dos Ceibas, Nyumbu, ikiwapiga Pweza kwenye mechi tatu za kuamua nani ataongoza kanda, jioni hiyo tunawafanyia matanga. Kunakuwa na jeneza, na nje ya jeneza inaning'inia mikono minane ya soksi ndefu za kike zilizojazwa makapi ya miwa. Kuna padri wa bandia anayenuka ramu, kuna ngoma na mishumaa. Halafu kuna mjane wa marehemu, kavaa gauni jeusi, anajitupa juu ya jeneza na kuuliza nani atamkumbatia tena kwa mikono minane, na yeye keshazoea. Mjane huyo ni Argelio.

Siku za kawaida ungempita usimwone. Ni mwembamba, mpole, anakaa mlangoni kwake na meza ndogo, anajaza gesi kwenye viberiti na kutengeneza miavuli. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kikafungwa, kikafunguliwa skrubu moja moja na kuuzwa kama chuma chakavu. Kilichobaki ni bomba la moshi, kwa kuwa hakuna aliyejua litashushwaje. Watoto wa mji walikwenda Havana, na waliochoka na Havana wakavuka kwenda Florida. Mtaa wa Argelio una makufuli mengi kuliko watu. Mwanawe Rolando yuko Tampa, hupiga simu Jumapili akikumbuka, kwa hiyo Jumapili nyingi hupita kimya.

Gauni lilikuwa la mkewe, Eneida, na kilio pia kilikuwa cha Eneida. Ndiye aliyemfundisha.

"Unalia kama mtu aliyeingiwa na mdudu puani," alikuwa akimwambia, amekaa kitandani na miguu ndani ya beseni. "Mjane halii puani. Analia tumboni. Vuta pumzi. Haya, anguka."

"Nikianguka nitaumia goti."

"Angukia upande wa Tamayo, atakudaka. Tamayo ana nyama."

Kisha alimgeuza na kumfunga vifungo vya mgongoni, akampaka poda, akamsukuma sebuleni ambako mji mzima ulikuwa umejibana unamsubiri. Eneida mwenyewe alibaki jikoni na birika la kahawa, anachungulia na kucheka mpaka anashika ukuta. Nyumba yao haikuwahi kujaa namna ile kwa jambo jingine lolote, hata arusi yao.

Eneida alikufa Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa mechi ya tatu.

Mimi simlaumu mtu. Mji una uwanja mmoja na mechi ya namna hiyo huja mara moja kwa mwaka, ilhali wafu, kusema kweli, wako mwaka mzima. Waliokuja kumkesha Eneida walikuwa dada yake, nesi wa zahanati, mke wa Tamayo aliyeficha redio chini ya mtandio, na mzee mmoja kiziwi aliyedhani yuko msiba mwingine. Nyumbu walipopata alama ya ushindi, mke wa Tamayo alisimama, akapiga kofi moja, akamwona marehemu, akakaa.

Saa moja baadaye ngoma zikasikika zinakuja. Mlangoni akatokea Tamayo, kiongozi wa washangiliaji, mtu mkubwa, muuzaji wa duka la chakula cha mgao, na nyuma yake umati, na begani kwa vijana wanne jeneza la Pweza na mikono yake minane. Ngoma zilinyamaza moja moja, kila mpigaji akiona kwa zamu yake.

"Argelio," Tamayo akasema, kofia mkononi. "Tuwie radhi, ndugu yangu. Miguu imezoea njia."

Argelio alimtazama Pweza. Jeneza lake lilikuwa la mkangazi, limetengenezwa kwa milango ya ofisi ya kiwanda. La Eneida lilikuwa la mbao nyembamba zilizofunikwa kitambaa cha kijivu, na kesho yake, njiani kwenda makaburini, lilikatika mshikio.

"Mpelekeni kwa Nena Cruz," akasema. "Ana sebule kubwa."

Wakampeleka. Kwa Nena Cruz watu walijaa mpaka barabarani, na ngoma zilimfikia Eneida pale alipolala.

Tangu hapo Argelio alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba yake ijae tena. Mpira wenyewe haukumhusu. Baada ya miaka yote hiyo bado hakuelewa kwa nini mtu anaweza kupiga mpira vizuri kabisa halafu akaambiwa atoke. Alichojua ni kwamba Nyumbu wakishinda, watu watakuja. Mwaka uliofuata Nyumbu walishika mkia, hakuja mtu. Mwaka huu wakapanda, Pweza nao wakapanda, wakafungana kileleni, na kanda nzima ikabaki kwenye mechi tatu: moja Punta Guasa, mbili kwetu.

Ya kwanza tukashinda. Ya pili tukapigwa vibaya, hapa hapa nyumbani. Jioni hiyo Tamayo alipita kujaza kiberiti chake.

"Mzee, kesho utalia?"

"Gauni nimeshalipiga pasi."

"Bora ungewapiga pasi wachezaji. Leo walikuwa wamekunjamana."

"Mtakuja wengi?"

"Tukishinda, mji mzima."

"Na msiposhinda?"

Tamayo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki ana magoti. "Tusiposhinda tuje kwako kufanya nini?"

Argelio alicheka kidogo, kwa adabu, akamrudishia kiberiti.

Kesho yake aliazima viti shuleni, akaazima vingine zahanati, akavipanga ukutani, katikati akaacha nafasi ya Pweza. Kahawa ya mgao, ile iliyochanganywa na njegere, alikuwa ameiweka akiba tangu msimu uanze, anakunywa majani ya mlimao. Akateka maji, akaweka birika tayari. Kisha akavaa gauni.

Gauni la Eneida lina vifungo kumi na viwili mgongoni. Vya chini alivifikia, cha shingoni alikifikia. Vya katikati havikukubali. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akachukua ubavu wa mwavuli, akaukunja ncha kama ndoana, akavua hewa kwa muda mrefu. Mwishowe akajitupia shali, akakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vyote, akasikiliza uwanja.

Uwanja wetu hauko mbali, na kelele zake zinasimulia kila kitu. Awamu ya tisa, ya mwisho, tulikuwa nyuma kwa alama moja, wapigaji wetu wawili walikuwa wameshatolewa, na mtu wetu alikuwa kituo cha tatu, amebakiza kurudi nyumbani tu. Akaingia Yoerlis, kijana wa kiwanda cha mikate, akapiga mpira ukapaa. Argelio aliwasikia watu wakinyanyuka kwa pamoja, sauti ikipanda, ikipanda. Akasimama naye. Akashika birika.

Kisha kimya. Mpira ulikuwa umetua kwenye glovu ya Mpweza mmoja aliyeegemea uzio, na mechi ikaishia hapo.

Mvua ikaanza, kana kwamba ilikuwa inangoja matokeo. Watu walipita mbele ya mlango wake vichwa chini, mmoja mmoja, wamejifunika magunia na magazeti. Mlango ulikuwa wazi, viti vinaonekana, na yeye anaonekana, na gauni lake. Hakuna aliyegeuza shingo. Tamayo alipita na ngoma imevikwa mfuko wa plastiki, akaingia kwake ng'ambo ya barabara, akafunga. Umeme ukakatika. Argelio akawasha mshumaa mmoja tu, maana ilikuwa mishumaa ya msiba na msiba haupo. Viti hakuvirudisha.

Hodi ilipopigwa alidhani ni mvua.

Mlangoni alikuwa mwanamke mnene aliyelowa chepechepe, fulana ya rangi ya Pweza imemganda mwilini. Nyuma yake walijazana watu kama yeye, na begani kwao jeneza. Kwenye jeneza yalichomoza masikio mawili marefu ya kadibodi, yamelegea kwa maji.

"Hapa ndipo kwa mjane?" mwanamke akauliza.

"Mjane wa nani?"

"Wetu. Yule anayetulilia kila tukifa. Mimi Xiomara, nauza samaki Punta Guasa. Kwetu wewe ni maarufu, baba. Wanasema unatulilia kuliko mama zetu."

"Leo hamkufa," Argelio akasema. "Leo mmeshinda."

"Ndiyo maana tumekuja na maiti mwingine. Lori limegoma, trekta la kutuvuta liko njiani, na mji wenu huu hauna hata mtu mmoja wa kumkaribisha mgeni chini ya bati. Tumegonga kila mlango. Mmoja katufungulia, kaona masikio, kafunga."

"Ni Nena Cruz huyo," sauti ikasema nyuma. "Katuita mashetani wenye fulana."

"Hatutaki mengi," Xiomara akasema. "Tunataka tumkeshe Nyumbu kidogo, kwa heshima. Lakini tumkeshe bila mjane?"

Argelio alitazama ng'ambo. Dirishani kwa Tamayo pazia lilikuwa limesogea, na penye upenyo palikuwa na mwanga wa mshumaa na nusu ya uso. Alitazama viti. Vilikuwa viti vizuri, vya shule, na hakuna aliyekuwa amevikalia.

"Mpanguseni nyumbu miguu," akasema, "halafu mwingie."

Wakaingia. Waliendelea kuingia hata alipodhani wamekwisha. Walijaa vitini na sakafuni, mlango wa jikoni haukupitika, mtoto wa mtu alikaa juu ya mashine ya kushonea. Nyumba ikanuka ramu, samaki na nguo mbichi. Kahawa ikazunguka kwenye vikombe vitano kwa watu wote hao.

"Na mama wa nyumba yuko wapi?" Xiomara akauliza. "Nimsaidie jikoni."

"Ukutani."

Xiomara aliinua mshumaa, akaiona picha. "Lini?"

"Mwaka juzi. Mlipopigwa hapa, mechi ya tatu. Alikuwa sebuleni, hapo alipo nyumbu."

Xiomara akashusha mshumaa. "Siku hiyo mimi nilipita mtaa huu huu, juu ya lori. Nalia kwa sababu ya mpira." Padri wao wa bandia, kijana aliyevaa taulo, akavua kofia yake ya karatasi. Xiomara akamshika Argelio mkono. "Pole, baba."

"Ahsante."

Basi wakamfuata wote, kwa mstari, wanapitia kando ya masikio ya kadibodi: pole mzee, pole baba, pole sana. Mmoja aliyelewa alimpa pole mara mbili, akamwambia timu yenu ilijitahidi.

"Sasa geuka," Xiomara akasema. "Mgongo wako wote uko nje, mjane gani huyu." Akamfunga vifungo vya katikati, kimoja kimoja. Vidole vyake vilinuka samaki. Vya Eneida vilinuka dawa ya kufulia.

Ngoma zikaanza. Argelio akajitupa juu ya Nyumbu, akauliza nani sasa atampiga mateke asubuhi, nani atakula majani yake, na nyumba ikaangua kicheko. Akauliza mume gani huyu, maisha yote mkaidi, siku moja tu anaambiwa akimbie mpaka nyumbani, naye anasimama kituo cha tatu. Wakacheka mpaka wanapigana migongo. Halafu akavuta pumzi, akashusha kilio tumboni kama alivyofundishwa, na akaanguka upande wa Tamayo.

Tamayo hakuwepo. Goti liligonga sakafu, na Argelio hakuinuka. Alilia pale chini, ameshika mshikio wa jeneza, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Walicheka kwa muda kidogo zaidi, kisha wakaacha. Mpiga ngoma alimtazama Xiomara, hajui aendelee au vipi. Xiomara akamwashiria: piga.

Trekta lilipokuja walimbeba Nyumbu wakamtupe baharini, wakamwachia mjane bonge la samaki mkavu kwenye gazeti. Sakafu ilibaki matope matupu. Argelio alirudisha viti ukutani, akaosha vikombe vitano, akataka kuvua gauni. Cha shingoni alikifikia. Vya katikati, Xiomara alikuwa amevifunga kwa mikono ya mtu anayefunga nyavu.

Kwa hiyo asubuhi alitoka mlangoni na gauni lake, akakaa kwenye meza yake kama kawaida. Mji ulipita, na safari hii uligeuza shingo, wote. Hakuna aliyesalimu.

Tamayo alivuka barabara polepole, akaweka kiberiti mezani.

"Umewalilia Pweza."

"Hapana. Nimewalilia ninyi."

"Tulikusikia mpaka kwangu."

"Ilikuwaje?"

Tamayo alifikiri. Ni mtu wa haki, kwa mambo ya msiba. "Mke wangu alilia," akakiri. Kisha akakohoa. "Lakini mji umeshaamua. Tukishinda mwakani, Pweza atakwenda kwa Nena Cruz. Mjane tutatafuta mwingine. Ni mambo ya mpira tu, ndugu yangu. Si wewe."

"Sawa," Argelio akasema. "Basi nifungulie vifungo."

Tamayo akatazama mtaa, juu na chini. Akainama, akafungua kimoja, akafungua cha pili kwa taabu, vidole vyake vinene. Kwenye kona akatokea Nena Cruz na mkoba wake. Tamayo akaachia, akajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka haraka akimsalimia Nena kwa sauti kubwa.

Kiberiti alikisahau. Argelio alikiokota, akakijaza gesi, upepo ukimpiga mgongoni pale palipo wazi. Akakijaribu. Kikawaka mara ya kwanza, naye akakizima upesi, asipoteze gesi ya mtu.