Zamu ya Anti Kusimama

Kwa nyanya, Kitengela, nyama ya Krismasi haikuguswa kabla ya watu kusimama. Kila mtu mzima alisimama kwa zamu, akashukuru kwa mwaka uliopita, na kama ana ombi akalitoa mbele ya wote. Ombi la siku hiyo lilikuwa halikataliwi. Mjomba mmoja alipata ng'ombe wa maziwa kwa njia hiyo. Mimi nilisamehewa kuacha shule kidato cha pili, ingawa mama alikuwa ameapa kutonisamehe.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa ukame, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka Namanga, ambako nilikuwa naosha vyombo hotelini, nikakuta nyumba imejaa watu na vumbi. Anti alikuwa amefika kutoka Magadi na binti yake mdogo. Mumewe, mjomba wangu wa mwisho, alifanya kazi kiwanda cha magadi hadi akafa, kwa kifua, tuliambiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Sasa anti naye alikuwa amekonda hadi pete yake ya ndoa ameitia kwenye uzi shingoni.

Miaka yote yeye ndiye aliyekanda chapati. Alikunja mikono ya sweta, lakini mke wa anko mkubwa, mjomba wetu wa kwanza, akalivuta beseni la unga.

"Wewe pumzika, dada. Umetoka mbali."

"Mikono haikutembea."

"Pumzika tu. Huyu mtalii wetu atakanda." Alininyooshea mwiko. "Si ameosha sufuria za Kenya na Tanzania, hiyo mikono ni safi."

Wanawake walicheka. Anti akacheka pia, kisha akatoka akaketi nyuma ya jikoni, akitazama nyumbu waliokuwa wakipita ng'ambo ya ua. Nilimpelekea chai.

"Kampuni inataka nyumba yake," aliniambia. "Hiyo si neno. Leo nikisimama nitauliza nani atabaki na mtoto nikienda."

"Ukienda wapi?"

Alipuliza chai yake. "Na vile wewe hujifanya unajua kila kitu."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Kabla wali haujaiva, mke wa anko mkubwa alikuwa ameshavuka ua kwenda kwa wanaume waliokuwa wakichoma mbuzi.

Tulipoketi, anko mkubwa alisimama wa kwanza kama kawaida, lakini alipomaliza lake hakuketi. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya nyanya, kwa ajili ya ndugu zake mmoja mmoja, kwa watoto, hata kwa anti. Akamaliza: "Mwaka huu nimesimama kwa niaba ya wote. Jua ni kali na chakula kinapoa. Tule."

Mikono ilikuwa imeanza kwenda kwenye sinia. Anti akasimama.

"Shemeji, iko zamu yangu."

"Umeshaombewa. Keti, usijichoshe."

"Nimeombewa. Mimi mwenyewe sijaomba."

Hakuna aliyemzuia. Alishukuru kwa ufupi, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake. "Mimi sitakaa sana, na nyinyi mnaona. Huyu ni damu yenu. Naomba mmoja wenu aseme atamchukua."

Mafuta yalidondoka kwenye makaa. Nyanya aliwatazama wanawe mmoja baada ya mwingine. Aliishi katika nyumba waliyomjengea, akala unga waliouleta. Watu waliangalia nyama. Ndipo anko mkubwa akafumba macho na kuinua mkono.

"Bwana, umesikia ombi la huyu mjane. Mtunze mtoto wake. Amina."

"Amina," wote wakaitikia, haraka, kama watu waliotuliwa mzigo. Ya nyanya ilikuwa ya chini. Ya mtoto ndiyo iliyosikika kuliko zote, maana alifumba macho kabisa, kama alivyofundishwa Sandeskuli.

Tulikula. Anti alishika mfupa mmoja mkononi hadi vyombo vikaondolewa.

Alikufa kabla ya mvua ndefu. Mama mmoja Mmaasai aliyeuza maziwa karibu na lango la kiwanda alimchukua yule mtoto siku ileile ya mazishi, bila kuombwa na mtu. Baadaye, katika kuzurura kwangu, nilishuka Magadi nikamtafuta. Nilimkuta akisugua mitungi ya maziwa kwenye joto linalochoma pua. Alimwita yule mama yeyo, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaita mama zao. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, wa dada ya baba yako. Akaendelea kusugua.

Krismasi iliyofuata anko mkubwa aliomba tena kwa niaba ya wote. Alimtaja na yule mtoto, Mungu amlinde popote alipo.

"Yuko Magadi," nikasema.

Anko hakufumbua macho. "Amina," akasema, na watu wakaitikia.