Nilivyoisafisha Damu Yangu kama Mashine ya Alizeti

Mimi la saba sikumaliza, lakini mashine ya kukamua alizeti pale Utemini ni yangu, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunikamata. Siku moja kabla hajaja naisugua mpaka inang'aa, basi napita.

Kwa hiyo daktari aliposema damu yangu ina sukari nyingi, tena ina dalili kwamba utando wa ndani wa mishipa umeanza kuumia, sikutetereka. Alinionya juu ya kiharusi, akanipa miezi mitatu nibadili chakula, la sivyo naanza vidonge. Nikaapa mbele ya mke wangu kwamba kidonge simezi!

Mchana kule mashineni niliendelea na kuku wa kukaanga na soda. Zilipobaki siku mbili nipimwe, nikaanza usafi: maji ya moto, mlenda mtupu, na kutembea kwa miguu hadi Unyambwa na kurudi.

Juzi mimi na mke wangu tukaenda kuchukua majibu. Kwenye foleni nikawatangazia wagonjwa, "Ndugu zangu, mtazameni mwanaume aliyejitibu kwa msimamo!"

Daktari akatoka. "Shikamoo mzee. Karibu ndani."

"Marahaba. Soma hapahapa, wote wasikie!"

"Mzee, kipimo hiki hakiangalii ulichokula jana. Kinaonyesha sukari ya miezi yote hiyo, nayo imepanda. Na mishipa inazidi kuumia."

Mke wangu akanigeukia taratibu.

"Baba Neema, ule mlenda niliokuwa nakufungia kila asubuhi, alikuwa anaula nani?"