Shikamoo kwa Maua

Wiki iliyopita mume wangu alileta fundi atandaze matofali ya pevingi uani kwetu Sekei, juu ya maua yangu. Nikamkumbuka bibi.

Kule mlimani, kando ya kahawa, bibi aliacha kipande cha maua ya porini ya rangi ya chungwa, marefu kunizidi, yanayochipua yenyewe kila mvua zikirudi. Baba mdogo aliyaita magugu. Mchana mmoja alikuja na panga ayafyeke apande maharage, akakuta bibi ameyazungushia masale, mmea ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini, na hakuna anayethubutu kuugusa.

"Mama, umemzika nani hapa?"

"Kata uone," bibi alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Baba mdogo aliondoka akisonya. Mimi niliamini kweli kuna mtu. Nilisogea taratibu, nikanusa harufu ya asali na udongo mbichi, nikasikia mvumo mzito ndani ya maua. Nikajua marehemu anasali.

"Shikamoo," nilinong'ona. Bibi alicheka hadi kisu kikamdondoka.

Leo najua walikuwa nyuki, na kahawa iliyonisomesha waliichavusha wao. Ndiyo maana mbegu za maua yale nilizileta mjini, na niliposikia habari ya pevingi, kabla fundi hajafika, nikayazungushia masale.

Fundi alipoyaona aliweka sururu chini.

"Mama, kuna mtu kalala hapa?"

"Salimia kwanza," nilimwambia.