Siku Tulipoimba Juu ya Majivu

Mama yangu hakupenda mahubiri ya mvua. Ibada ikiisha, alijifunga kaniki yake vizuri, akamsubiri mwalimu wa dini mlangoni na kumuuliza mbele za watu:

"Mwalimu, leo umetuhubiria mvua, umetuhubiria akida, umetuhubiria nguruwe wanaokula mihogo. Mbinguni je? Utatupeleka lini?"

Mwalimu, mtu mpole aliyetokea upande wa Masasi, alicheka. "Mama, watu wana hofu. Niwaambie nini?"

"Waambie wanakokwenda."

Tulikaa katika kijiji cha misheni, si mbali na Nyangamara, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, na Jumapili lilijaa mpaka watu wakakaa nje. Sababu sote tuliijua. Mtu wa misheni hakusumbuliwa sana na akida kwenda kulima pamba ya serikali, kwa kuwa padri alimtetea. Wengi walikuja kujikinga na kiboko. Siwalaumu, maana kiboko kile nilikiona kikifanya kazi.

Mama alikuja kwa jambo lingine. Alitekwa akiwa bado mtoto huko bara, akateremshwa Kilwa, akauzwa. Alipokombolewa alikuwa mtu mzima asiyekumbuka kijiji chao kilikuwa wapi. Watu wa misheni walipomsimulia habari za mji wa Mungu, hakuuliza kama kuna chakula huko. Aliuliza kama mlango wake hufungwa. Wakamwambia haufungwi usiku wala mchana. "Basi," akasema, "mimi ni wa huko." Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hana kwao.

Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni vita ilipoanza Umatumbi. Mwanzoni zilikuwa habari za mbali. Padri akaitwa Lindi. Kisha asubuhi moja wakaja watu wa dawa wamebeba kibuyu cha maji, na mbele yao alikuwa jirani yetu, mwanamume aliyekuwa akipiga ngoma kanisani. Mgongo wake ulikuwa na makovu mabichi ya kiboko cha akida. Siku aliyopigwa, misheni haikumwokoa.

"Kunywa, mwalimu," akasema. "Risasi za Mdachi zitageuka maji."

"Siwezi, ndugu yangu. Nimekwisha kubatizwa."

Jirani akasema, "Basi ondokeni, msije mkauawa." Akachukua kijinga cha moto jikoni kwa mama na kukichomeka kwenye paa la kanisa, paa alilolisaidia kuezeka kwa mikono yake.

Mimi, mama, mume wangu na mwalimu tulikimbia kwa njia za porini hadi Mitwero, kandokando ya Lindi. Huko aliishi mwanamke Mwislamu aliyeuzwa Kilwa siku moja na mama. Alipotuona uani, miguu imechanika kwa miiba, hakuuliza kitu. Alimkumbatia mama, akatuwekea maji ya kuoga.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Nyumba hii ni yenu."

Alipotandika mkeka wake kuswali, mama alipiga magoti upande wa pili wa ua. Mwalimu alikaa karibu na ukuta. Alikuwa amekonda, hakuomba kwa sauti. Siku moja mama akamuuliza ana nini.

"Kanisa limeungua, mama. Padri hayupo. Watu wametawanyika. Sina cha kuhubiri."

"Mbingu imeungua?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, mwanangu. Imeungua?"

"Hapana, mama."

"Basi unacho."

Tuliporudi kijijini, askari wa Mdachi walikuwa wamepita. Walichoma mashamba na maghala, na njaa ikawashika waliopigana na wasiopigana. Watu walikuwa wakichimba ming'oko, mizizi ya kula, porini. Mahali pa kanisa palikuwa na majivu na kuta zilizopasuka.

Mwalimu alitaka tungoje mpaka padri arudi na paa lijengwe. Mama hakubishana naye. Alichukua ufagio, akaanza kusukuma majivu kando. Nikamsaidia, mume wangu akaja na jembe, kisha mwalimu mwenyewe akainama na kuyazoa kwa mikono.

Jumapili ile tulikuwa wachache. Hakukuwa na kengele wala ngoma, wala mtu wa kumkinga yeyote na akida. Mwalimu akasimama, majivu yamempanda hadi magotini, na kwa mara ya kwanza hakutaja mvua. Alituambia habari za mji ambao hakuna anayeuzwa wala kupigwa ndani yake, ambako Mungu mwenyewe hufuta machozi ya watu. Alisema tuliomba sana vitu vya njiani hata tukasahau safari. Sauti yake ikapata nguvu. Mama akaanzisha wimbo.

Sijawahi kusikia wimbo kama ule. Matumbo yalikuwa matupu, lakini sauti zilitoka kana kwamba tumekula siku nzima. Watu waliokuwa wakichimba porini wakasikia, wakaja mmoja mmoja wakiwa na matope mikononi. Wa mwisho alikuwa jirani yetu, yule wa kijinga cha moto. Alikuwa mifupa mitupu. Akasimama palipokuwa na mlango.

"Huko mnakokuimba," akasema, "na mimi naweza kuingia?"

Wimbo ulikatika. Mama ndiye aliyekwenda, akamshika mkono.

"Mlango wa huko haufungwi," akamwambia. "Njoo ukae, baba."

Akakaa juu ya majivu ya paa alilolichoma, akalia kwa sauti. Kisha, nadhani bila kujua, akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, mapigo yale yale ya zamani, nasi tukaimba tena mpaka jua likawa utosini. Tulikuwa tumeshindwa na kila mtu katika vita ile, na siku ile nilijiona mshindi. Nasema kweli.

Padri aliporudi alikuta kanisa limejaa kuliko mwanzo, nalo bado halina paa.

Mama alifariki baada ya mavuno ya kwanza mazuri. Rafiki yake alitembea kutoka Mitwero kuja kumzika. Aliposikia tukiimba kwa nguvu nyuma ya jeneza, akanishika bega.

"Mwanangu, mbona hamlii?"

"Tumelia sana, mama. Sasa tunamsindikiza."

Akaitikia kwa kichwa, akajifunika kanga yake vizuri, akaongeza mwendo ili atembee sambamba nasi.